Simu Mbili Katika Mifuko ya Baba Wawili

Mama Pasi alikuwa amefika kwenye kola ya joho la nane la kwaya, na yalibaki kumi na mawili, Breki alipomwambia kutoka benchini kwamba binti yake ameonekana stendi alfajiri na sanduku jekundu. Hakuinua kichwa. Pasi ya mkaa haikupi nafasi ya kushtuka. Ukisimamisha mkono kwa pumzi moja tu, joho jeupe linabaki na alama ya kahawia ambayo hata ukimwomba Mungu haitoki. Aliimaliza kola, akaiweka pasi juu ya kigae, ndipo akageuka. Benchi lilikuwa hatua tatu kutoka meza yake, chini ya bati lile lile: ubao mrefu ambao mumewe, seremala, aliupigia miguu sita kwa kuwa alijua uzito wa watu wasio na haraka. Kila mchana lilikaliwa na wale wale. Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kuzungumza hana. Hakimu, ambaye hakuwahi kuwa hakimu, bali alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita, akastaafu na lugha ya huko. Na Birika, muuza kahawa, aliyepita hapo siku moja kuuza vikombe viwili, akakuta mjadala unaendelea, hakuhama tena.

— Sema tena, alisema Mama Pasi.

— Shemeji, mimi sisemi, nimeona, alisema Breki. Saa kumi na moja alfajiri, nimekwenda stendi kumpokea mpwa wangu. Namwona binti yako na yule kijana wa Maalimu, fundi friji. Sanduku kabeba kijana. Wakapanda basi la kwanza. Basi likaondoka.

— Alfajiri? Na sasa ni saa nane mchana.

— Nilikuwa namngoja Hakimu aje. Jambo zito halisemwi bila shahidi.

Mama Pasi alifuta mikono kwenye khanga yake. Binti huyo, kifungua mimba wake, ana miaka ishirini na miwili na anauza katika duka la mikate, na duka la mikate hufunguliwa watu wengine wakiwa bado wanaota. Ndiyo maana asubuhi hakushangaa kukuta kitanda kimetandikwa na mtu hayupo. Aliingia ndani, akainama, akatazama mvunguni. Pale palipokuwa na sanduku palibaki mstatili safi usio na vumbi.

Alitoka na simu sikioni. Ikaita, ikaita, ikakata.

— Hapokei, alisema.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Breki kwa huzuni. Aliinama, akalichukua.

— Methali hiyo siyo ya masanduku, alisema Hakimu.

— Sanduku lilikuwa mvunguni au halikuwa?

— Lilikuwa.

— Basi.

Kisa chenyewe kila mtu pale alikijua, ila nusu nusu. Maalimu anafundisha madrasa na kuswalisha katika msikiti wa mtaa wa pili. Mkewe alipofariki miaka mitatu iliyopita, nguo za Maalimu zilianza kuja kwa Mama Pasi, na binti ndiye aliyekuwa akizirudisha kila Alhamisi jioni. Safari ya kanzu nne ilikuwa ya dakika kumi. Baadaye ikawa ya nusu saa. Baadaye ikawa ya saa nzima, na Mama Pasi, ambaye anajua kanzu nne zina uzito gani, alielewa mapema kuliko wote. Akanyamaza. Baba yake binti ni mzee wa kanisa. Viti vya kule mbele, mimbari na ubao wa nambari za nyimbo vyote vimetoka mikononi mwake. Jana Jumapili, baada ya ibada, mtu mwema mmoja alimnong'oneza. Alirudi nyumbani, hakuvua hata tai, akamwambia binti mbele ya wote: ukitoka nyumbani kwangu na huyo kijana, usirudi. Binti hakujibu. Mama Pasi naye hakujibu, kwa sababu alikuwa na sufuria motoni na wadogo wawili, mapacha, wanagombania kijiko kimoja, na alijiambia kwamba hilo litazungumzwa kukiwa kimya. Sasa kulikuwa kimya.

Akapiga tena. Ikaita, ikakata.

— Kijana kasilimisha mtoto wa watu, alisema Birika akimimina. Kunywa, Mama Pasi. Hiki sikuhesabii.

— Umejuaje?

— Juzi binti alipita hapa akanisalimia vizuri mno. Mtu hakusalimii vizuri namna ile kama hana jambo la dini.

— Kinyume chake, alisema Hakimu, na akakaa wima kama mtu anayesomewa shauri. Kijana ndiye aliyebadili. Ushahidi ninao. Wiki tatu zilizopita alikwenda kutengeneza friji ya kanisa, ile ya jikoni. Friji ndogo tu. Alikaa huko siku nzima. Friji gani inataka siku nzima? Pale alikuwa anafundishwa.

— Gesi ilikuwa imevuja, alisema Mama Pasi. Mimi ndiye niliyempelekea chakula.

— Ndivyo walivyokwambia.

— Ngoja, ngoja, alisema Breki. Wote mnasema kweli. Binti kabadili kwa siri ili amfurahishe kijana. Kijana kabadili kwa siri ili amfurahishe binti. Wamekutana kwenye basi, kila mmoja ana habari njema. Binti kasema, mimi sasa ni mwenzio. Kijana kasema, hapana, mimi ndiye mwenzio. Wamepishana njiani, mabwana. Sasa yeye ni wa huku na yeye ni wa kule, na kikwazo kiko pale pale.

Hakimu alifikiri sana juu ya hilo.

— Hapo rufaa haipo, alisema.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, alisema Birika.

— Msala wa nani? Binti ni wa kanisani.

— Nani kasema? Si tumekubaliana ameshabadili?

Mama Pasi alipiga mara ya tano. Alikuwa amesimama na pasi mkono mmoja na simu mkono wa pili, na joho la tisa lilikuwa mezani halijaguswa. Hakuwa mtu wa kulia mchana, kwa sababu kazi ya watu haipendi maji yasiyo na mpango. Lakini moyoni alikuwa akirudia ile sentensi ya jana, na kila akiirudia alijiona yeye mwenyewe amesimama pale na mwiko, mdomo umefungwa. Laiti angesema neno moja tu. Hata kama ni kumwambia mumewe, vua tai kwanza.

— Mimi naona wamevuka mpaka, alisema Breki. Lile basi linaungana na lori la mizigo saa sita. Barabara hiyo naijua kama kiganja. Sasa hivi wako ng'ambo, wanatafuta chumba.

— Ng'ambo hawaozeshwi bila kibali, alisema Hakimu.

— Basi watakwenda baharini. Nahodha wa meli anaruhusiwa kufungisha ndoa. Akishafika maji makuu, hakuna kanisa wala msikiti. Kuna nahodha tu na kitabu chake.

— Kitabu gani? aliuliza Birika.

— Cha mizigo. Anawaandika humo. Mume mmoja, mke mmoja, sanduku moja.

— Na wakishuka?

— Hawashuki. Wakishuka tu ndoa inayeyuka. Itabidi wazae huko huko, na watoto wajifunze kuogelea kabla ya kutambaa. Haraka haraka haina baraka, bwana, ndiyo maana wamechagua meli. Meli haina haraka.

— Nyamazeni kidogo, alisema Mama Pasi. Hakusema kwa ukali, na ndiyo sababu wakanyamaza.

Seremala alikuwa anakuja kutoka karakana, na vumbi la mbao kwenye nyusi. Habari ilikuwa imemfikia. Ilionekana kwenye mwendo wake, mwendo wa mtu aliyetaka kukimbia akaona haya mbele ya majirani. Akasimama mbele ya meza ya mkewe.

— Ni kweli? aliuliza.

— Sanduku halipo. Nampigia, hapokei.

— Umepiga mara ngapi?

— Mara nane. Hii ya tisa.

Akabonyeza. Simu ikaanza kuita. Na mlio wake, ule wimbo wa binti ambao Mama Pasi aliusikia kila alfajiri ukimwamsha kwenda kazini, ukasikika pale pale, mchana kweupe, ukitoka kwenye mfuko wa kifua wa shati la seremala.

Hakuna aliyecheka. Hata Breki.

— Baba watoto, alisema Mama Pasi taratibu. Pokea. Mtoto wako anatafutwa.

Seremala alitoa simu mfukoni, akaitazama kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

— Nilimnyang'anya jana, alisema. Nilitaka wasiongee. Mchana huu niliona inaita, nikaona jina lako, nikadhani unampigia kazini, nikaona haya kupokea. Baadaye niliiweka kimya. Mlio huu nimeuwasha sasa hivi tu, nilipoambiwa, nikidhani labda kijana atapiga.

— Mwanangu ametoka nyumbani hana simu, basi lolote linaweza kumshusha popote, na simu unayo wewe mfukoni huku unapiga misumari.

— Nilisema kwa hasira jana, mama watoto.

— Hasira yako ilisikika vizuri. Aliielewa neno kwa neno.

Seremala aliketi. Benchi alilitengeneza yeye, lakini haikuwa kawaida yake kulikalia. Mzee wa kanisa hakai kijiweni. Breki alisogea kumpisha. Na kabla hawajapata la kusema, wakamwona Maalimu anakata kona, fimbo mkononi, kanzu imepigwa pasi Alhamisi tu na Mama Pasi mwenyewe, lakini imevaliwa vibaya, kifungo cha juu kimekosewa tundu.

— Asalaam alaikum, alisema.

— Alaikum salaam, Maalimu, waliitika, na seremala naye akaitika, chini chini.

Maalimu alimtazama seremala. Seremala akatazama barabara. Ubao ule ulikuwa na nafasi moja tu iliyobaki, na nafasi hiyo ilikuwa kati ya seremala na ukingo. Maalimu akaikalia.

— Mmesikia lolote? aliuliza Maalimu.

— Hatujasikia, alisema Mama Pasi. Wetu hana simu. Tafadhali mpigie wa kwako.

Maalimu alikohoa. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa simu yenye ufa kwenye kioo na kibandiko cha duka la vipuri nyuma.

— Na wewe? alisema seremala.

— Juzi, alisema Maalimu. Niliona jina la binti yako limejaa humu. Nikasema, nikiikata kamba, ndoo haitateremka kisimani.

— Ndoo imekwenda na kisima, alisema Birika.

— Birika, alisema Hakimu.

— Nimenyamaza.

Kwa hiyo pale kwenye benchi walikuwa wamekaa baba wawili, begani kwa bega, kila mmoja na simu ya mtoto wake mapajani. Simu zile zilikuwa zikifahamiana vizuri kuliko wenyewe. Mama Pasi aliwatazama akaona hasira yake imechoka kabla yeye hajachoka. Walikuwa wanaume wawili wenye umri mkubwa ambao hofu imewavua vyeo.

Muuguzi mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya kona, alikuwa amefika kuchukua sare zake mbili. Alisimama pembeni muda akiwasikiliza kwa adabu, furushi kifuani. Breki alimweleza kisa chote toka mwanzo, akiongeza meli.

— Poleni sana, alisema muuguzi. Mimi ni mgeni hapa, mnisamehe. Lakini wakirudi leo, mtawaambia nini?

Breki aligeuka kumtazama Hakimu.

— Mimi nilishaona hawarudi, alisema hatimaye. Huko sikufika.

— Shauri hilo linataka muda, alisema Hakimu. Linataka... Linaahirishwa.

Muuguzi hakuwa akiwatazama hao. Alikuwa akiwatazama baba wawili. Seremala aliipapasa simu kwa kidole gumba. Maalimu aliiegemeza fimbo gotini, ikaanguka, akaiokota.

— Nimefundisha watoto miaka thelathini, alisema Maalimu. Kila swali wanaloniuliza nina pa kulitafuta jibu. Hilo hawajawahi kuniuliza.

Birika aliinamisha chombo chake juu ya kikombe cha Hakimu. Yakatoka matone mawili na masimbi ya chini.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Muuguzi alishukuru akaenda zake na sare. Mama Pasi alitazama jua. Swali lile lilimchoma na yeye. Alikuwa na woga tu, na woga hauna cha kumwambia mtoto. Ila alijua kwamba ni saa kumi, na mchele haujachaguliwa. Aliingia ndani akatoka na ungo umejaa. Akauweka mapajani mwao, nusu kwenye goti la seremala, nusu kwenye goti la Maalimu.

— Toeni mawe, alisema. Na chuya.

— Mama watoto, hapa barabarani?

— Mikono ikiwa na kazi, akili inatulia. Mimi nina majoho kumi na mawili.

Akarudi kwenye pasi. Na wale mabwana, mzee wa kanisa na mwalimu wa madrasa, wakainamisha vichwa juu ya ungo mmoja. Breki akataka kusema kitu, Hakimu akamkanyaga mguu.

Mawe matatu yalidondoka chini. Kisha Maalimu, bila kuinua macho:

— Binti yako ana adabu. Alikuwa akileta nguo, anauliza kwanza kama nimekula.

— Mwanao aliitengeneza ile friji ya kanisa kama ni ya mama yake, alisema seremala. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa natafuta kosa, sikuliona.

— Lile ni jiwe?

— Punje imeungua. Tupa tu.

Wakaendelea.

— Mimi simchukii kijana, alisema seremala. Naogopa wajukuu. Mtoto anasikia huku hivi na kule vile. Siku ya dhiki, akitaka kuomba, ataanzia wapi?

— Mimi naogopa kitu kidogo kuliko hicho, alisema Maalimu, na ndiyo maana naona haya kukisema. Naogopa kusimama mbele ya watu. Watasema, nyumba yake imemshinda, atatufundisha nini?

— Huo si woga mdogo. Na mimi ninao. Jumapili nitasimama mbele nikiwa nimevaa tai ile ile.

— Na leo, ukiniuliza woga wangu, ni ajali tu. Ni basi.

— Basi, alisema seremala. Na mimi ni basi tu.

Mama Pasi alisikia, na pasi ikaendelea kwenda. Alimaliza joho la kumi na tatu, akapuliza majivu, akaanza la kumi na nne. Chini chini alikuwa akiomba, bila maneno ya kanisani, maneno ya jikoni tu: walete, walete, kelele nitazibeba mimi.

Kivuli cha bati kilikuwa kimefika katikati ya barabara Breki aliposimama ghafla, akakaa tena.

— Wale, alisema, hawako melini.

Walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka upande wa stendi, vumbi hadi magotini. Kijana alikuwa mbele kidogo na sanduku jekundu begani, binti nyuma, viatu mkononi. Walipoona benchi, na waliokaa benchini, na ungo, wakapunguza mwendo. Binti akamfikia kijana, akasimama sambamba naye. Wakaja hivyo hadi kwenye meza ya pasi.

— Shikamoo, baba, alisema binti. Shikamoo, Maalimu. Shikamoo, mama.

— Marahaba, alisema Mama Pasi peke yake. Akaiweka pasi kwenye kigae.

— Hatukuoana, alisema binti. Alilisema haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla mkono haujakatika. Tulikwenda ofisi ya ndoa za serikali. Tulifika, tukajaza karatasi. Karani akauliza, mashahidi wako wapi? Tukatazamana. Akasema, msijali, pale nje wapo vijana wanashuhudia, ndiyo kazi yao. Nikachungulia. Mmoja alikuwa amelala, mmoja anamenya ndizi. Nikasema siwezi. Siwezi kuolewa huku anayeniangalia ni mtu anamenya ndizi na mama yangu yuko nyumbani anapiga pasi, hajui niko wapi.

— Nilikubaliana naye, alisema kijana. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kusikiliza mashine. Tukageuza. Basi likaharibika njiani, ndiyo tumechelewa. Baba, sikubadili kitu. Naye hakubadili kitu. Tulikubaliana hivyo siku nyingi, kila mtu abaki na chake, na tuje tuwaombe. Tukashindwa kuwaomba, tukakimbia. Hilo ndilo kosa letu.

— Wote wawili hawajabadili? aliuliza Hakimu kwa sauti ya kushindwa kesi.

— Nyamaza, alisema Birika.

Sasa lilibaki lile swali la muuguzi, na aliyeliuliza alikuwa ameshaondoka na sare zake. Mama Pasi alimtazama mumewe. Seremala akasimama, ungo ukabaki wote kwa Maalimu. Akampa binti yake simu.

— Mama yako amekupigia mara tisa, alisema. Kisha akaongeza, kwa shida: Na mimi ningekupigia, ila ninayo mimi.

Binti akaipokea kwa mikono miwili.

— Sijasema ndiyo, alisema seremala. Usije ukasikia ndiyo mahali ambapo sijaitamka. Nina maneno mengi, na baadhi hutayapenda. Lakini lile la jana nimelifuta. Hapa ni kwenu.

Binti alifunika uso kwa viatu vyake vya vumbi, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa mkononi. Kijana alimgeukia baba yake. Maalimu alikuwa bado amekaa, ungo mapajani, na punje moja ya mchele imekwama kwenye ndevu.

— Na mimi sijasema ndiyo, alisema Maalimu. Akatoa simu yenye ufa. Chukua. Watu wenye mafriji wamenipigia toka juzi, wananiuliza habari za gesi. Nimewaambia wavute subira.

Kijana alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta macho kwa bega la shati.

— Adhana iko karibu, alisema Maalimu, akainuka. Twende.

— Chakula ni saa moja na nusu, alisema Mama Pasi.

Maalimu alisita. Alimtazama seremala, akatazama mlango wa nyumba ambao hajawahi kuuvuka, akatazama miguu ya mwanawe.

— Ni maharage, alisema Mama Pasi. Maharage hayamuulizi mtu anaswali wapi.

— Tutaona, alisema Maalimu. Wakaondoka baba na mwana, fimbo mbele, na watu wa benchi wakaanza kukung'uta suruali na kukumbuka makwao. Breki alikuwa wa mwisho. Alimwambia Mama Pasi kwamba yeye tangu mwanzo alihisi basi litaharibika, lile basi analijua.

Ndani, Mama Pasi alipika. Binti alioga, akavaa gauni la nyumbani, akakata vitunguu bila kuambiwa. Walifanya kazi ubavu kwa ubavu, na hakuna aliyetoa hotuba. Mara moja tu mama alisema:

— Jana ningesema kitu. Nilikuwa na sufuria.

— Najua, mama.

— Siku nyingine nitaiepua.

Mapacha walitandika mkeka, wakaleta sahani tano. Mama Pasi akawarudisha wakaongeze mbili. Seremala alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ameshaosha vumbi la mbao, nyusi zimerudi nyeusi.

— Hawatakuja, alisema. Yule ni mtu mzima, ana watu wake wanaomtazama. Akivuka mlango huu leo, kesho wataongea.

— Inawezekana, alisema Mama Pasi, na akapakua saba. Wali kwanza, maharage juu, mboga pembeni. Mvuke ulipanda, ukaanza kupungua. Pacha mmoja aliuliza kama anaweza kuanza, akaambiwa asubiri. Saa moja na nusu ikapita. Binti alikuwa akitazama ukucha wake. Saa moja na dakika arobaini seremala alikunja mikono kwa ajili ya sala ya chakula, kisha akaikunjua, akasema ngoja kidogo, ngoja dakika tano.

Wakasikia fimbo kwenye ngazi.

— Hodi, alisema Maalimu nje.

— Karibu, alisema seremala, na akainuka yeye mwenyewe kufungua.

Wakavua viatu mlangoni. Maji ya kunawa yakazunguka. Seremala akasema sala fupi kuliko zote alizowahi kusema katika nyumba ile, na Maalimu akasema bismillahi yake, na hakuna aliyengoja kuona nani amemaliza wa kwanza. Mama Pasi alibaki amesimama na upawa, akihesabu kwa macho. Mume. Pacha, pacha. Binti. Kijana. Maalimu. Na mmoja aliyesimama. Akakaa, akavuta sahani yake, akaanza kula.